Kumkinga Manase na Furaha

Jumatatu, 1 Desemba

Natangaza rasmi, kwa yeyote atakayehusika, kwamba leo asubuhi redio ya nyumba hii imeachishwa kazi. Imeutumikia ukoo miaka mingi bila likizo wala malalamiko, ila ya kukwaruza wakati wa taarifa ya habari. Imevuliwa betri, imeviringishwa kwenye kipande cha kitenge na kulazwa ndani ya kihenge kitupu cha nafaka, juu ya pumba. Waliohudhuria ni mimi, wifi yangu Elizabeti na Baba Mdogo Antipasi, aliyeomba sala fupi. Kosa la marehemu ni kupiga muziki wa dansi karibu na mgonjwa.

Mgonjwa ni mdogo wangu Manase, mume wa Elizabeti. Mwaka jana mvua ya kwanza ilipopiga, alifurahi. Kila mtu hufurahi mvua ikipiga, anafurahi kidogo halafu anakumbuka jembe halina mpini. Manase alifurahi wiki nzima bila kulala. Alilima kwa mbalamwezi. Alianza kuchimba bwawa la samaki juu ya kilima. Ng'ombe wetu wawili wa plau alimgawia mpita njia, kwa maelezo kwamba yule mtu ana uso wa mkulima. Siku alipopanda paa la kanisa ili ahubiri mpaka kijiji cha Kinyangiri wamsikie, wanaume wanne walimshusha, wakamfunga kamba, wakampakia kwenye pikapu kama mbuzi wa mnada. Wawili kati ya hao wanne walikuwa wamekula kuku aliowachinjia juzi yake.

Alikaa hospitali ya mbali, akarudi na vidonge na akili yake. Wale wa hospitali walituambia mambo mawili: ameze dawa, na tuangalie usingizi, tukiona halali tumrudishe upesi. Sasa mawingu yameanza kujikusanya tena, na sisi tumeanza kuogopa. Jana jioni kikao cha ukoo kilikaa. Baba Mdogo akasema usingizi hukimbizwa na furaha, kwa hiyo tusingoje usingizi ukimbie, tuanzie kwenye chanzo. Hakuna aliyeona kasoro katika hoja hiyo. Mimi mwenyewe niliitikia kwa kichwa.

Sheria zilizopitishwa: hakuna redio, hakuna vicheko uani, hakuna habari njema mbele ya Manase mpaka mavuno yaishe. Nani asimamie? Wote walinitazama. Inaonekana nina uso wa kazi hiyo.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua ya kwanza. Manase alilala. Sisi wengine hatukulala, tulikuwa tunamsikiliza akilala.

Jumanne, 9 Desemba

Kwa kweli sheria zetu hazikuwa ngeni. Kwetu mtu akiulizwa shamba linaendeleaje, hujibu, "Tunahangaika tu," hata kama mahindi yanagonga dirisha. Ukisifu mmea wa mtu anakuangalia kama umemwombea funza. Na marehemu mama yetu, tulipokuwa wadogo, akitusikia tunacheka sana mchana alituita na kutuonya kwamba jioni tutalia. Jioni ikifika alihakikisha mmoja wetu analia, ili asionekane mwongo.

Nimekaa nikachunguza jambo hili, maana mtu aliyeishia darasa la saba ana muda wa kuchunguza. Kuna watu wakipata jambo zuri hulitafuna kama muwa mpaka utamu uishe, na wengine hulitema haraka kabla hawajaonekana. Mimi jambo zuri likinijia huliuliza kwanza limekuja na nani. Ukoo wetu wote ndivyo ulivyo. Ni Manase peke yake aliyezaliwa na meno ya muwa.

Anayetusaidia sana ni jirani yetu Gasto. Huyu hajawahi kuleta habari njema tangu nimjue. Leo alipita akamwambia Manase mbegu za alizeti mwaka huu hazina nguvu, na mvua hii ni ya kudanganya. Nilimkaribisha uji. Mtu wa kuaminika.

Jumatano, 17 Desemba

Tumepanda. Manase alifuata mstari wake kimya. Nilimfukuza Rukaiya.

Rukaiya anauza vitumbua pale njia panda. Tangu zamani Manase akipita kwake lazima acheke. Leo alikuja mpaka shambani na beseni kichwani, akamwambia Manase kwamba anapanda kama mtu anayezika sarafu. Manase alicheka. Ni kicheko cha kawaida kabisa, kimeanza na kimeisha. Lakini sheria ni sheria. Nilimvuta Rukaiya pembeni nikamweleza.

"Kwa hiyo mmemtoa kwenye kamba za pikapu mkamfunga kwa hizi sheria," alisema.

Nilimwambia yeye ni mtu wa vitumbua, aachie ukoo mambo ya ukoo. Alijitwika beseni akaondoka.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Tulichinja jogoo mwembamba kuliko wote.

Jumatano, 14 Januari

Palizi. Mvua inanyesha vibaya sana, yaani vizuri. Inanyesha jioni, inaacha siku mbili, inarudi kama mfanyakazi wa serikali ambaye hajawahi kuzaliwa. Wazee wanasema hawajaona msimu kama huu kwa miaka mingi, lakini wanasemea mbali, upande wa pili wa korongo, Manase asisikie.

Wakati wa chakula aliinua kichwa kutoka kwenye sahani ya ugali wa uwele akatutazama mmoja mmoja. Akauliza, "Dada, ninyi mna msiba?"

Elizabeti alisema mlenda umeungua. Haukuungua.

Jumamosi, 31 Januari

Leo nina mengi ya kuandika na sitaki kuandika hata moja.

Janeth, binti yao, alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Mwalimu mmoja wa huku alifungua matokeo kwenye simu yake. Divisheni wani. Katika ukoo wetu, ukianzia kwa babu yake babu, hakuna aliyewahi kupata kitu chenye neno wani ndani yake. Janeth alikuja mbio kutoka njia panda, kandambili mkononi, na mimi nilikuwa nimesimama langoni kama askari wa forodha.

Nilimzuia. Nikamwambia hongera kwa sauti ya chini, nikamkumbusha sheria. Alidhani natania. Akamtazama mama yake. Elizabeti alikuwa anapepeta mtama, na alizidi kupepeta ungo ambao tayari ulikuwa umebaki mtupu.

"Shangazi, ni baba yangu," alisema.

Nikamwambia ndiyo maana.

Alinawa uso kwenye ndoo. Aliingia ndani akampigia baba yake magoti, akamwamkia. Manase akamuuliza habari za matokeo, maana hata yeye alikuwa anahesabu.

"Nimefaulu kidogo, Baba."

Manase alifikiri. "Kidogo inatosha," alisema. "Kidogo ni salama."

Kisha akampapasa kichwa kama mtu anayempa mtoto pole. Janeth alitoka akaenda kukaa nyuma ya zizi, na Elizabeti hakunisemesha mpaka usiku. Niliwaza kwamba watanishukuru mavuno yakiisha. Hivyo ndivyo wasimamizi wote huwaza.

Alhamisi, 12 Februari

Gasto alipita kusema alizeti zetu zitakuwa na vichwa vitupu. Kikombe cha uji.

Jumamosi, 28 Februari

Alizeti zimechanua. Nitaeleza mara moja tu kisha nisirudie. Shamba la Manase limeshuka kutoka kwenye mawe makubwa mpaka ukingoni mwa korongo, lote manjano, vichwa vipana kama ungo. Asubuhi vyote vinatazama upande mmoja kama watu kwenye mkutano wa mbunge, tofauti ni kwamba hivi vinangoja kitu ambacho kitakuja kweli. Nyuki wanasikika kutoka barabarani. Nilisimama pale kwa muda. Halafu nikaliuliza shamba limekuja na nani.

Jumanne, 3 Machi

Manase alinifuata jikoni. Amepungua mwili. Siku hizi anatembea kama amebeba maji anaogopa yasimwagike. Alikaa kwenye kigoda, akachokora moto ambao haukuhitaji kuchokorwa.

Akauliza, "Dada, umeziona alizeti?"

Nilisema nimeziona.

"Zikoje?"

Nilijua sheria. "Zina ugonjwa," nikasema. "Vichwa vikubwa, ndani hewa."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. "Nashukuru umeniambia," alisema. "Mimi niliziona nzuri. Nilisimama pale nikaziona nzuri kuliko zote nilizowahi kupanda, moyo ukaanza kunienda mbio. Ndiyo nikaogopa. Nikasema, macho yameanza tena."

Alikwenda kumeza kidonge chake cha jioni wakati jua lilikuwa bado juu ya zizi.

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Nimeyasoma mara kadhaa. Huyu mtu alikuwa na macho mazima, nami nimemwambia ni mabovu. Lakini nifanyeje? Nimwambie ni nzuri, asilale, apande paa? Wanaume wanne wale bado wapo, na kamba ipo.

Jumamosi, 7 Machi

Elizabeti alikuwa mnadani. Gasto alikuja na Baba Mdogo Antipasi, na mimi nikaitwa shambani. Nilipofika Manase alikuwa amesimama kwenye mpaka, ameligeuzia shamba mgongo.

Ilielezwa hivi. Manase, kwa kuwa shamba lina ugonjwa, ameamua kumpa Gasto alizeti zote zilizosimama. Gasto, kwa huruma yake, atatoa mbuzi wanne na baiskeli. Baba Mdogo ni shahidi. Nilimtazama Baba Mdogo. Alikuwa anatazama kiatu chake. Tunajuana miaka hamsini, nilijua anachowaza: hawezi kusema "Mwanangu, hili ni shamba la mwaka" bila kuvunja sheria aliyoitunga yeye.

Nyuki walikuwa wengi hata ilibidi tuzungumze kwa sauti.

Gasto si mjinga. Alisema, "Mimi sitaki watu waje waseme nimemdhulumu mgonjwa. Aulizwe dada yake. Dada Damari, wewe unalitembelea shamba hili kila siku. Lina kitu?"

Manase alinigeukia. Usiku uliopita hakulala vizuri. Alfajiri nilimkuta amekaa kwenye gogo, amevaa tayari, na nilipomuuliza alisema anasikiliza nyuki. Nyuki hawalii alfajiri. Macho yake leo yalikuwa na ule mng'aro wa mwaka jana. Labda ulikuwa mng'aro wa kawaida, wa mkulima aliyesimama karibu na mazao yake. Lakini nimekaa miezi mitatu nikiuchunga, na sasa siwezi tena kuutofautisha. Niliona kwamba nikisema neno moja, macho yale yatawaka. Nikaona paa la kanisa, nikaona pikapu.

Nilisema, "Halina kitu."

Nilisema hivyo huku chavua ya alizeti ikiwa kwenye mikono yangu mpaka viwikoni.

Gasto alinitazama kama mtu anayeshukuru kwa chakula. Mwanaume yule hajawahi kunishukuru kwa uji wote ule. Manase akavuta pumzi, akasema afadhali, na wakashikana mikono.

Elizabeti aliporudi na kuambiwa, aliweka kikapu chini akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kicheko cha kwanza uani kwetu tangu Desemba, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Nilidhani atanitukana. Alifuta macho kwa ncha ya kanga akasema, "Akiwa mgonjwa aligawa ng'ombe wawili. Mmemponya, amegawa shamba."

Baadaye Janeth alinikuta kisimani.

"Shangazi, kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa namkinga baba yako."

"Na nini?"

Ndoo ilikuwa imejaa kitambo. "Na alizeti," nikasema.

Jumapili, 8 Machi

Baiskeli haina breki.

Ijumaa, 20 Machi

Manase analala. Analala usiku, analala mchana, analala ukimwambia jambo.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Kanisani Baba Mdogo alisimama kutoa shukrani kwa uponyaji wa mwanawe Manase, ambaye sasa, alisema, ni mtu mtulivu kuliko vijana wote wa usharika. Watu walipiga makofi. Manase alikuwa amekaa benchi la nyuma, mikono katikati ya magoti, kama koti lililosahauliwa na mwenyewe. Nilimtazama nikaona shati limemzidi shingoni.

Tulipotoka Rukaiya alikuwa njia panda. Yeye hana Pasaka lakini ana wateja wa Pasaka. Nilikuwa nimeongozana na Manase. Rukaiya alimpa kitumbua bure, akamwambia hiki kimetoboka, akakizike pamoja na zile sarafu zake. Ni utani wa shambani ule. Manase alisema asante. Alikishika kitumbua mpaka nyumbani, akakiweka dirishani, kuku wakakila.

Nilirudi kwa Rukaiya peke yangu. Sikusema nimekuja kwa nini.

"Damari," alisema, hakuniita dada, "yule mliyemleta kutoka hospitali alikuwa akiuliza chumvi ikipungua kwenye mboga. Huyu wa sasa anauliza nini?"

Nilitafuta kitu anachouliza. Tangu Machi, mdogo wangu hajauliza kitu chochote.

Sisi tulisema ni utulivu. Tulikuwa tunalinda nyumba dhidi ya simba, kila usiku tunasikiliza mngurumo, na kimya kilipoingia tukakipa kiti.

Jumatatu, 20 Aprili

Elizabeti anamlisha kwa mkono. Tumekubaliana mimi na yeye, bila Baba Mdogo, kumpeleka hospitali. Mvua zinaisha, barabara inapitika mwezi ujao.

Jumanne, 12 Mei

Gasto anavuna. Vichwa vya alizeti vimejaa uani kwake mpaka kwenye mlango wa choo. Vijana wanapiga kwa fimbo tangu alfajiri, na mpaka hapa tunasikia. Ameazima magunia ya watu wengine.

Nilimtembeza Manase ili anyooshe miguu, na nilikosea njia, au sikukosea. Alisimama akatazama magunia.

"Dada," alisema, "hewa ya mwaka huu ni nzito."

Sikujua kama ni utani. Zamani ningejua.

Jumanne, 19 Mei

Hospitali. Daktari ni binti mdogo, ningeweza kumtuma maji, lakini nilimwita daktari. Alimpima Manase uzito, akasoma kadi yake, akamuuliza usingizi, akamuuliza chakula. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Baba, tangu mvua zianze, ni kitu gani kimekufurahisha?"

Manase alifikiri kwa bidii. Ni mtu mwaminifu, alitaka kumpa jibu zuri. Nilimwona akipita miezi yote, mmoja mmoja, akifungua mlango na kuufunga.

"Hakuna, daktari," alisema. "Wananitunza vizuri sana."

Daktari alinigeukia. Nilimweleza sheria zetu. Nilianza kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi aliyoifanya kwa uangalifu, redio, vicheko, matokeo ya Janeth. Nilipofika kwenye alizeti nilikuwa nazungumza na sakafu.

"Tuliwaomba mwangalie usingizi," alisema. "Kicheko nani aliwaambia?"

"Baba Mdogo."

"Ni daktari?"

"Mzee wa kanisa."

Hakucheka, na hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Alisema ugonjwa huu una milango miwili, wa furaha isiyolala na wa huzuni, sisi tumekaa na marungu kwenye mmoja, mtu wetu ametokea kwenye mwingine. Alisema mtu kufurahia shamba lililostawi si ugonjwa, ni shamba kustawi. Akifurahi na akalala, aachwe afurahi. Asipolala, aletwe. Alibadilisha dawa. Alisema arudishiwe vitu vyake, kimoja kimoja, aanze hata na muziki wa mchana.

"Atarudi kama zamani?" Elizabeti aliuliza.

Daktari alisema tutaona. Nimekwisha kuishi muda wa kutosha kujua watu wenye elimu husema hivyo lini.

Jumatano, 20 Mei

Leo sheria zimefutwa. Baba Mdogo alitaka kikao. Elizabeti alimwambia akae hapo hapo alipo, kikao kimekwisha.

Janeth alianza. Alipiga magoti mbele ya baba yake kama ile siku ya Januari, akamwambia matokeo yake ya kweli. Divisheni wani, na shule aliyopangiwa. Manase alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mwenye ruhusa. Akaishia kwangu.

"Ni kweli, Dada?"

"Ni kweli."

"Mara hii ni kweli?"

Nilisema ndiyo. Alimtazama binti yake. Kitu kilipita usoni mwake, kidogo, kama kuku anayechungulia mlangoni kwa watu asiowajua, halafu kikarudi nje. Akampa mkono.

Rukaiya alikuwa ameitwa, na alikuja na beseni. Mimi ndiye niliyekwenda kuitoa redio, kwa kuwa mimi ndiye niliyeilaza. Niliingia kwenye kihenge, nikaifukua kwenye pumba, nikaifungua ule mzongo wa kitenge, nikaipangusa mbele ya watu wote. Janeth alikuwa amenunua betri mpya. Manase alisogeza kigoda karibu. Nilitia betri, nikafunga kifuniko, nikawasha.

Panya wamekula nyaya.